Kaka kauliza: pombe ya ulezi kwetu inaitwaje?

Haya wadau, nimerudi. Najua nilipotea tangu mitihani iishe, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, Mungu mkubwa, ingawa lile somo la takwimu nimeponea chupuchupu. Nilikuwa nyumbani Chanzuru wiki mbili nzima, na mtandao wa pale kwetu unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Sasa niko hosteli hapa Sokoine, ruumeti amelala, mvua inapiga bati, nimeona niandike kabla sijasahau.

Kwa wasiopajua kwetu: ukitoka Msamvu panda gari la Kilosa. Mtapita Magole, mkifika Dumila mnakata kushoto, Rudewa hiyo, na kabla hujafika Kilosa mjini umeshapita kwetu. Jirani zetu ni Ilonga, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, ndiko zilikotoka mbegu za mahindi kama Staha. Bibi yangu anaitaja Staha kama anataja mtoto wa shangazi. "Staha mwaka huu amekataa." Ndo alivyo.

Basi bwana, mambo yalianza kwa kaka. Kaka yangu yuko Doha, ni mlinzi. Aliondoka 2021, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia. Chumba chake wako sita, na wanne kati yao ni Wanepali. Jioni wakitoka zamu wanafundishana lugha, yeye anawapa Kiswahili, wao wanampa Kinepali, na kila neno jipya ananitumia kwa sauti WhatsApp. Maji ni pani. Maziwa ni dudh. Mtindi ni dahi, na ule ukishatolewa siagi ni mohi. Chai ni chiya, hapo kaka alicheka mpaka simu ikaanguka, akasema kumbe hili sina haja ya kujifunza.

Mwezi uliopita wakafika kwenye pombe. Kambini kwao pombe ni marufuku, kwa hiyo hakuna anayekunywa chochote, wanakunywa maneno tu. Ile iliyochachushwa bila kukenekwa inaitwa jaand. Iliyokenekwa, yaani gongo lao, ni raksi. Halafu kuna ya tatu inaitwa tongba, ya watu wa mashariki ya Nepali, Walimbu. Nafaka iliyochacha inajazwa kwenye chombo kirefu cha mbao, inamwagiwa maji ya moto, unasubiri kidogo, unanyonya kwa mrija wa mwanzi. Ikiisha unaongeza maji ya moto tena. Kaka akauliza nafaka gani. Wakasema kodo. Kodo ndo nini? Wakatafuta picha kwenye simu, wakamwonyesha.

Ilikuwa ulezi. Ulezi huuhuu wa uji.

Sasa wakamgeukia yeye: na nyie kwenu ya ulezi mnaitaje? Akasema pombe. Wakasema hilo ni jina la pombe zote, hii moja inaitwaje? Akasema pombe ya kienyeji. Wakacheka, wakasema hiyo ni anuani, siyo jina. Usiku huo akanitumia ujumbe wa sauti: "Dogo, hivi ile ya bibi inaitwaje? Na kile alichokuwa anaweka ili ichache kinaitwaje? Wenzangu wanaita marcha."

Mimi na uharaka wangu nikajibu: komoni, nadhani. Na hicho kingine ni hamira.

"Nadhani ndo nini? We si umekulia pale? Na si unasomea vyakula?"

Hapo wadau nilinyamaza. Nipo mwaka wa pili Sayansi na Teknolojia ya Chakula, naweza kukuandikia njia nzima ya wanga kugeuka sukari na sukari kugeuka alkoholi, na sikuwa na uhakika wa jina la kitu kilichonisomesha.

Sijawahi kuliandika hili humu, na mnaonifahamu tangu mwaka wa kwanza mtashangaa, kwa sababu nimewaambia wote kwamba bibi yangu ni mkulima. Ni kweli analima. Lakini bibi alikuwa mpika pombe. Ndiye aliyetulea mimi na kaka, na kila sare, kila daftari, kila mchango wa madawati ulitoka kwenye pipa nyuma ya nyumba. Kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo, sehemu ya kazi ya mlezi, niliandika "mkulima" bila hata mkono kutetemeka. Shuleni nilikuwa naitwa Machicha. Anayejua machicha yananukaje siku ya pili atanielewa kwa nini nilikuwa nakaa dawati la mwisho.

Kaka alikuwa na hasira kuliko mimi. Likizo moja ya mwaka 2012, akiwa kidato cha tatu, alirudi kutoka bweni akakuta wanaume wamekaa uani kwetu wanaimba, mmoja wao ni baba wa mwanafunzi mwenzake. Usiku watu walipoondoka alikwenda nyuma akaliangusha pipa lililokuwa linasubiri Jumamosi. Lote. Asubuhi kuku walikuwa wanatembea kwa pembe. (Nacheka sasa, siku ile hakuna aliyecheka.) Ile ndiyo ilikuwa ada yake ya bweni, 70,000, maana wakati ule ada ya sekondari ilikuwa haijafutwa, ilifutwa 2016. Bibi hakumpiga wala hakumsema. Alikwenda kukopa, akalipa ada, akaanza upya kuloweka ulezi. Na kaka hajawahi kuomba radhi mpaka leo. Wanasalimiana, anatuma hela kila mwezi, ila lile pipa halijawahi kutajwa.

Kwa hiyo aliponiuliza jina, nilijua siwaulizii Wanepali peke yao.

Nilifika nyumbani Alhamisi jioni. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, umekonda, chuo hawapiki? Yale yale. Siku ya pili asubuhi tukiwa tunachambua mchicha nikatoa daftari nikamwambia, bibi, nataka unifundishe kupika pombe.

Akaacha mchicha. "Nilipika ili wewe usipike."

Nikamwambia siyo kwa kuuza, ni kwa masomo. Akasema masomo gani ya pombe. Nikamweleza kwamba chuoni tunasoma hayo, kwamba mwaka 1983 wataalamu wawili, Mosha na Svanberg, waliandika jinsi unga wa nafaka iliyooteshwa unavyofanya uji mzito wa mtoto uwe mwepesi bila kuongeza maji, ili mtoto mdogo ale chakula kingi kwa vijiko vichache. Bibi akanitazama. "Hao wamekuja lini kujua? Wewe mwenyewe ulikula uji wa kimea kabla hujaota meno."

Kimea. Neno hilo nalijua, limo kwenye notisi zangu kwa Kiingereza, sikuwa nimewahi kuliunganisha na yale magunia yenye unyevu aliyokuwa ananituma nikayageuze, nikasingizia kichwa kinaniuma.

Mwisho akakubali nusu. Atanipa maneno, ila jikoni haingii. Magoti yake yamekataa, alishaacha kupika, na wateja wenyewe walishahama. Kwanza walihamia kwenye viroba, vile vipakiti vya pombe kali, na vilipopigwa marufuku Machi 2017 bibi alidhani watarudi. Hawakurudi, wakahamia kwenye vichupa vidogo. Vijana wa sasa wanataka kulewa haraka, anasema, ya kwake ilikuwa ya kukaa na kuongea.

Nikamsomea maneno ya kaka kutoka Doha. Aliposikia ni kaka aliyeuliza, akakaa kimya muda mrefu. Akasema: "Anauliza jina la kitu alichokimwaga?"

Sikujua nijibu nini, nikaandika tarehe juu ya ukurasa.

Akaanza. Na hapa ndipo nilipogundua kwa nini kaka alikwama, maana hakuna jina moja. Bibi ni Mkaguru, kwao milimani upande wa Gairo. Babu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyekuja miaka ya 1950 kama manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa. Bibi akaita ujimbi. Babu akaita walwa. Wameishi ndoa yao yote kila mtu na neno lake, na chungu ni kimoja! Bibi anasema wakiwa na amani babu alikuwa anasema ujimbi, wakigombana anarudi kwenye walwa.

Hilo la walwa nilikuja kulifuatilia nikirudi hapa chuoni, na wadau wa isimu mtaniambia kama nakosea. Kumbe neno lile limetembea nusu ya Afrika. Wachaga wanasema wari. Wahaya amarwa. Wanyakyusa ubwalwa, na Wabemba wa Zambia vilevile. Uganda wanayo malwa. Ukishuka mpaka Afrika Kusini, Wazulu wanasema utshwala. Babu yangu alitoka Tabora na boksi la bati na neno ambalo lingemfikisha Durban bila mkalimani, angalau kwenye suala la kiu.

Halafu bibi akaanza kutaja yaliyokuwa yanauzwa kilabuni enzi mkonge ukiwa mkonge, na kila kinywaji kilikuja na watu wake. Ulanzi ni wa watu wa Iringa, unagemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Wanzuki ni wa asali, na neno limejieleza lenyewe, maana nzuki ni nyuki kwa Kinyamwezi na lugha nyingine nyingi. Dengelua ni ya miwa. Kangara ni ya pumba za mahindi na asali, siku hizi sukari. Komoni ni ya mahindi na kimea cha ulezi, na hiyo ndiyo aliyokuwa anauza bibi, kwa hiyo "nadhani" yangu ilikuwa sahihi kwa bahati. Ila bibi anasema komoni ni jina la biashara. Ukipika kwa ajili ya kulimiana shamba, au matambiko, au msiba, huiti komoni. Hapo ni ujimbi.

Nikamuuliza gongo. Akakunja uso. Hakuwahi kukeneka, anasema moshi wa ile kitu unapofusha. Na kweli kuna sheria ya mwaka 1966 inayokataza, na kwenye sheria kinywaji hicho hakiitwi gongo, kinaitwa moshi! Mtaani ni gongo, piwa, machozi ya simba, supu ya mawe. Kitu kinachofichwa ndicho chenye majina mengi, nadhani polisi wakishajua moja inabidi litafutwe lingine.

Jambo lililonichukua muda mrefu ni marcha. Niliendelea kusema hamira, bibi akawa anakataa. "Sijawahi kununua hamira ya pombe." Sasa inachachaje? Akanipeleka hatua kwa hatua, nami nikiandika. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa kwa gunia lenye unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue vijimizizi vyeupe. Unaanikwa juani, unasagwa, hicho ni kimea. Unga wa mahindi unavundikwa kwa maji siku kadhaa mpaka uwe mchachu, unakaangwa kwenye kikaango kipana mpaka ubadilike rangi, nyumba nzima inanukia. Unachanganywa na maji na kimea, pipani. Siku ya kwanza ni tamu, hiyo watoto tunakunywa. Halafu inaanza "kuongea", ndilo neno lake, unaweka sikio kwenye pipa unasikia. Ikinyamaza, imeiva. Na pipa halioshwi kwa sabuni, linasuuzwa tu.

Hapo taa ikawaka kichwani. Wanaasia na sisi tunafika sehemu moja kwa njia mbili. Sisi tunaotesha nafaka, kimea chenyewe ndicho kinachovunja wanga kuwa sukari, na chachu imejificha kwenye pipa lisilooshwa. Wao hawaoteshi. Wanapika kodo ikiwa nzima, wanainyunyizia marcha, kijikeki kikavu chenye ukungu na chachu ndani yake, na ule ukungu ndio unaofanya kazi ya kimea. Kwa hiyo neno la marcha kwetu halipo. Nilivyokuwa nalazimisha hamira ni kama mtu anayelazimisha shemeji aitwe mjomba kwa sababu wote wanakuja sikukuu.

Ila mrija wao, huo tunao. Siyo Chanzuru, ni Uganda na mpakani na Kenya. Kwa Wateso kuna ajon, ya ulezi, inakaa kwenye chungu kikubwa katikati, inamwagiwa maji ya moto, wazee wamezunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Tongba mtupu, tofauti ni kwamba Mlimbu ana chombo chake peke yake na Wateso wanashirikiana. Na ulezi wenyewe asili yake ni huku, nyanda za juu za Afrika Mashariki kuanzia Ethiopia hadi Uganda, ulivuka bahari kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Nilipomwambia bibi kwamba wale watu wa milima ya theluji wanakunywa mbegu iliyotoka huku, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama huko ndege wanausumbua kama hapa.

Siku moja kabla ya kuondoka nikamwambia arekodi mwenyewe, amtumie kaka. Alikataa, akavaa kitenge kipya, akakubali. Akaisogeza simu mdomoni kama anainywa. Nimeisikiliza mara nyingi naijua kwa kichwa: akamsalimia, akasema mvua zimechelewa, akasema yule ng'ombe wa jirani amezaa. Halafu: "Uliuliza jina. Kwetu ni ujimbi. Babu yako aliita walwa. Ya kuuza ni komoni. Kinachochachusha ni kimea, dada yako anasema hamira, usimsikilize. Haya." Akanirudishia simu. Kisha akaichukua tena, akabonyeza mwenyewe, sijui alijifunza lini, akasema: "Pipa lile bado lipo. Nawekea maji."

Kaka alikaa siku mbili bila kujibu. Alama mbili za bluu zipo, jibu hakuna. Bibi hakuuliza, ila kila simu ikilia anatazama mkono wangu.

Jibu lilikuja nikiwa kwenye gari, tumesimama Dumila wauza vitunguu wamejaa madirishani. Ni sauti ya dakika saba. Sehemu kubwa ni ya bibi na siwezi kuiandika humu, nilimpigia jirani akampelekea bibi simu asikilize mwenyewe. Naandika ile ya mwisho tu. Kaka anasema aliwasikilizisha wenzake sauti ya bibi, wakajaribu kusema ujimbi, walwa, wakaweza kuliko yeye anavyoweza tongba. Halafu mmoja wao, kijana mdogo kuliko wote pale chumbani, akauliza huyo bibi alikuwa anapika ya kunywa au ya kuuza. Kaka akasema ya kuuza, ndiyo iliyonisomesha. Yule kijana akasema mama yake anapika raksi mpaka leo, na yeye shuleni aliwaambia wenzake kwamba mama yake anafuga mbuzi.

Bibi alinipigia usiku, nimeshafika hosteli. Hakuzungumzia radhi wala nini. Aliuliza: "Yule mtoto wa Kinepali, mama yake ana magoti mazima?"

Kesho nina miadi na mwalimu wangu kuhusu mada ya utafiti. Nilikuwa nimeandika juisi ya maembe, nimeifuta. Daftari lina kurasa kumi na nne na bado naona mapengo, hasa maneno ya Kisagara na Kividunda, maana kwetu bibi hakuyajua vizuri. Kama wewe ni wa Kilosa, au Mikumi kule, au popote, na kwenu ile ya ulezi ina jina, niandikie. Andika na nani aliyekuwa anaipika.

Ruumeti ameamka anasema nizime taa. Usiku mwema wadau.